KAZI YA UZI KWA MWENYE KUIPENDA
Somo kwa wafumaji na washonaji wa Nairobi

Katika nyumba nyingi za Nairobi, tangu Kangemi na Kawangware mpaka Lavington na Karen, mgeni akaribishwapo kuketi huona kitambaa kilichofumwa kimetandikwa juu ya mgongo wa kiti. Pengine kipo kingine mezani, na kingine juu ya televisheni. Vingi vya vitambaa hivyo havikutoka kiwandani. Vilifumwa na mikono ya mwenye nyumba, au ya dada yake, au ya rafiki yake wa kanisani, jioni baada ya kazi ya ofisi, ya hospitali, ya shule au ya jikoni. Mfumaji hakulipwa mshahara wala hakuamriwa na mtu. Alifuma kwa sababu alipenda.

Kazi ifanywayo kwa kupenda yastahili kusomwa kwa makini sawa na kazi yoyote nyingine. Watu wengi huianza kwa furaha, kisha huiweka kabatini kabla haijafika nusu. Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, kazi hutoka kombo kwa kukosa kipimo. Ya pili, mfumaji hukaa peke yake, asione mkono wa mwenzake. Ya tatu, kazi hugeuzwa biashara kabla hesabu haijafanywa, ndipo furaha huingiwa na uchungu. Somo hili laeleza mambo hayo matatu, baada ya kutazama kwanza kazi yenyewe ilitoka wapi na vifaa vyake hupatikanaje.

ASILI YA KAZI HII

Kazi ya uzi haikuletwa Kenya na shule. Zamani sana kabla ya sindano za kiwandani kufika, wanawake wa Kikamba na wa Kikuyu walikuwa wakisokota nyuzi za magome ya miti juu ya paja na kusuka vyondo vya kubebea mavuno. Kiondo huanzwa kitakoni. Nyuzi chache hupishanishwa, kisha nyuzi mbili nyembamba huzungushwa kwa kupokezana, mmoja ukipita mbele na mmoja nyuma ya kila uzi uliosimama. Kadiri duara linavyopanuka, nyuzi nyingine zilizosimama huongezwa. Hapahitajiwi kitanda cha mfumi, vidole vyatosha. Kwa hiyo kiondo kiliweza kusukwa njiani, shambani wakati wa kupumzika, au kivulini watu wakizungumza. Pwani nako ziko kofia nyeupe zilizojaa matundu madogo madogo, ambazo wanaume kwa wanawake huzishona kwa sindano muda wa wiki nyingi. Adhaniye kwamba sindano ni ya wanawake tu hajafika Lamu.

Mafunzo ya namna nyingine yalianzia upande wa magharibi wa Nairobi. Mwaka 1925 ilifunguliwa huko Kabete shule iitwayo Jeanes School, kwa jina la Anna T. Jeanes wa Philadelphia, bibi aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Walimu waliokwenda kusoma Kabete walifuatana na wake zao, nao wake walifundishwa malezi ya watoto, usafi wa nyumba na kushona. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha kufundishia watumishi wa serikali, na leo ndipo palipo Chuo cha Serikali cha Kenya.

Mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Katika vikundi vyake wanawake walijifunza kushona, kufuma na kudarizi pamoja na mapishi na malezi. Lazima isemwe pia ya kwamba mwaka huo huo ndio iliyotangazwa Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ilivitumia vikundi hivyo katika kupingana na Mau Mau, hata wanawake wengi wakavitazama kwa mashaka. Waanzilishi wa chama walikuwa Wazungu. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Siasa ya siku zile ilipita, lakini ujuzi ulibaki mikononi. Bibi aliyefundishwa kufuma mwaka 1955 alimfundisha binti yake, na binti naye akamfundisha wake. Ndiyo maana mfumo mmoja wa kitambaa cha mezani waweza kuonekana katika vizazi vitatu vya jamaa moja.

VIFAA NA MAHALI PA KUVIPATA

Mwanafunzi hahitaji vifaa vingi. Sindano mbili za kufumia, au sindano moja ya kroshia yenye ncha ya kulabu, mkasi, utepe wa kupimia, sindano butu ya kufichia ncha za uzi, na daftari: hivyo vyatosha kwa mwaka wa kwanza. Katikati ya mji, Mtaa wa Biashara, ulioitwa zamani Bazaar Street, umejulikana tangu siku za wazee kwa maduka ya vitambaa. Soko la Kariokor, ambalo jina lake latokana na wapagazi wa Vita Kuu ya kwanza, lajulikana kwa vyondo na kazi ya ngozi; huko kiondo kilichosukwa kijijini huwekewa mikanda.

Anunuapo uzi, yampasa mfumaji kusoma karatasi iliyoviringishwa juu ya bunda. Juu yake, mara nyingi, iko namba ya rangi na namba nyingine ya pigo la rangi, yaani chungu ambamo uzi ule ulitiwa rangi kiwandani. Mabunda mawili yenye rangi moja lakini pigo mbalimbali huonekana sawa dukani chini ya taa, lakini juani yatatofautiana, na blanketi litakuwa na mstari usiokusudiwa. Ni heri kununua uzi wote wa kazi moja siku moja.

Asiye na fedha za uzi mpya ana njia nyingine. Katika masoko ya mitumba, kama Gikomba mashariki ya mji au Toi karibu na Barabara ya Ngong, sweta la sufu laweza kununuliwa na kufumuliwa. Lakini si kila sweta lafumulika. Mnunuzi na ageuze sweta ndani nje atazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kila kipande kina ukingo wake mzima, na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kukatwa, sweta lile litafumuka vema. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, basi kila safu imekwisha katwa, naye atapata vipande vifupi visivyofaa. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Huviringishwa nyuma ya kiti, hufungwa mahali panne, huloweshwa, kisha hutundikwa ukiwa na uzito kidogo chini yake mpaka ukauke na kunyooka.

Vipande vya vitenge vinavyosalia chini ya cherehani za mafundi wa mitaani vyafaa kwa mifarishi ya viraka. Fundi akiombwa kwa adabu, mara nyingi hutoa mfuko mzima bure.

KIPIMO: SOMO LISILOPENDWA

Kosa kubwa la mwanafunzi ni kuuliza, "Nianze na vitanzi vingapi?" na kupokea namba ya jirani yake kama kwamba ni amri. Mikono haifanani. Mmoja hukaza uzi na mwingine huulegeza. Kwa hiyo kila mtu hana budi kupata namba yake mwenyewe, nayo hupatikana kwa kufuma kipande cha kujaribu.

Njia ni hii. Mfumaji huanza vitanzi 30 kwa uzi ule ule na sindano zile zile atakazotumia, hufuma safu zipatazo 40, hukiosha kipande na kukikausha kikiwa kimelazwa. Baada ya hapo huweka utepe katikati, mbali na kingo, na kuhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10.

Mathalani, mama mmoja ataka kufuma blanketi la mtoto lenye upana wa sentimita 75. Katika kipande chake amehesabu vitanzi 18 kwa sentimita 10. Sentimita 75 ni mara saba na nusu ya sentimita 10; basi 18 mara saba na nusu ni 135. Ataanza na vitanzi 135. Jirani yake mwenye mkono wa kukaza amehesabu vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kama akiiga ile namba 135 bila kupima, blanketi lake litakuwa na upana wa sentimita 61 tu. Amepoteza sentimita 14, wala hatajua mpaka jioni kadhaa zimekwisha kupita. Jioni moja ya kujaribu ingalimwokolea jioni zile zote.

Kipande cha kujaribu kisitupwe. Kikitiwa katika daftari pamoja na tarehe, jina la uzi na unene wa sindano, baada ya miaka michache daftari lile litakuwa mwalimu bora kuliko kitabu chochote, kwa kuwa limeandikwa kwa mkono wa mwenyewe.

RANGI ZA JIKONI

Mfumaji aliyekwisha kuzoea kipimo aweza kujaribu kutia rangi. Kwanza ajue uzi wake ni wa namna gani, maana uzi mwingi uitwao sufu madukani si sufu ya kondoo, bali ni wa plastiki, nao haukubali rangi za mimea. Achome ncha fupi ya uzi juu ya sahani ya bati. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika. Pamba hunuka kama karatasi. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu.

Kwa gramu 100 za sufu, zahitajiwa gramu 10 za shabu, yaani lile jiwe jeupe linaloyeyuka ambalo watu wengine hulitumia kusafishia maji. Shabu ndiyo ishikayo rangi isitoke. Shabu huyeyushwa katika maji ya moto, sufu iliyoloweshwa huingizwa, na sufuria huwekwa juu ya moto mdogo kwa saa moja bila kuchemka. Katika sufuria nyingine maganda makavu ya vitunguu, yenye uzito sawa na sufu, huchemshwa saa moja na kuchujwa. Kisha sufu hutiwa katika maji hayo, hupashwa moto polepole, na huachwa humo mpaka yapoe. Itatoka na rangi ya manjano iliyoiva au ya machungwa. Kokwa za parachichi hutoa rangi ya waridi iliyofifia, na majani ya chai hutoa hudhurungi.

Mambo mawili yasisahauliwe. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena. Na sufu isitolewe katika maji ya moto na kutumbukizwa katika maji baridi, maana itajikunja na kushikamana kama mkeka, wala haitafumuka.

UMUHIMU WA KUKETI PAMOJA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mfumaji wa peke yake aweza kurudia kosa moja kwa miaka kumi bila kulitambua, kwa sababu hajaona kazi ya mtu mwingine ikifanywa. Kitabu humwonyesha kitambaa kilichokwisha. Mwenzake humwonyesha jinsi kidole cha shahada kinavyoushika uzi, na jambo hilo haliandikiki.

Kikundi kizuri hakihitaji kuwa kikubwa. Watu watano au sita, wakikutana Jumamosi moja katika kila mwezi, nyumbani kwa huyu na mwezi ujao kwa yule, wanatosha. Wakinunua uzi kwa shirika, mjumbe mmoja hupanda matatu kwenda mjini kwa niaba ya wote, na wote hupata uzi wa pigo moja. Yafaa wawe na desturi tatu.

Desturi ya kwanza ni kuonyesha kazi pande zote mbili. Upande wa mbele ni wa wageni. Upande wa nyuma ndio usemao kweli, maana huko huonekana mafundo, nyuzi zilizorukwa na ncha zisizofichwa. Ya pili ni kusema jema moja kabla ya kutaja kasoro moja, tena kasoro ile iwe ya kurekebishika. Mtu akitajiwa kasoro tano kwa mara moja, mwezi ujao hataonekana. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: mwalimu asichukue sindano mkononi mwa mwanafunzi. Akiichukua, kazi itanyooka haraka, lakini mwanafunzi atakuwa amejifunza kumtegemea mtu. Na afumue, aanze upya na atazamwe kwa subira.

Kuna faida nyingine ipitayo ujuzi. Lavington na Kawangware ni mitaa iliyopakana, lakini watu wake huishi kama kwamba wametengwa na mto mpana. Wengi huonana langoni tu, mmoja akiwa mwajiri na mwingine mwajiriwa. Panapokuwapo kikundi cha kufuma, yamkini aliye hodari kuliko wote ni mama mfua nguo, naye daktari au karani mkuu ndiye aketiye chini ya mkono wake kuuliza. Kuuliza si ujinga. Heshima inayopatikana kwa njia hiyo haikutolewa kwa huruma. Imepatikana kwa ujuzi.

Mfano mmoja mkubwa zaidi ulionekana katika upande uo huo wa magharibi mwa mji. Mwaka 1996 kulianzishwa kazi iitwayo Amani ya Juu, iliyoanza na wanawake wachache sana, wakimbizi wa vita vya nchi mbalimbali za Afrika. Walishona vitambaa vya meza ili kupata riziki. Wengine wao walitoka katika makabila na mataifa yaliyokuwa yakipigana, nao walifanya kazi pamoja. Uzi haukumaliza vita, lakini uliwapa jambo la kufanya mikononi wakati maneno yalipokuwa magumu.

KUUZA AU KUTOUZA

Mfumaji akisifiwa mara tatu, mtu wa nne atamwambia, "Mama, kwa nini huuzi?" Hapo ndipo penye njia panda, na hesabu ifanywe kabla ya kujibu.

Tuseme vitambaa saba vya viti vyahitaji uzi wa shilingi 900, na kila kimoja ni kazi ya saa tisa. Saba mara tisa ni saa 63. Mnunuzi atoa shilingi 2,500 na kulalamika kwamba ni ghali. Ukiondoa bei ya uzi, zasalia shilingi 1,600. Zikigawanywa kwa saa 63, mfumaji amepata kama shilingi 25 kwa saa, kabla ya nauli. Hapa hakuna mwizi. Mnunuzi amelinganisha kitambaa kile na kile cha mashine kilichopangwa dukani, na mashine haichoki wala haina watoto wa kupikia.

Habari ya kiondo yafundisha jambo lilo hilo kwa ukubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipendwa ng'ambo, kikauzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na wanawake wengi wa Ukambani wakapata karo za watoto kwa kazi hiyo. Lakini soko lilitaka upesi, likataka rangi za msimu na saizi moja. Baadaye vikapu vya kuiga vikatoka katika viwanda vya Asia kwa bei ya chini, na bei ya msukaji ikaanguka. Waliokuwa wakisuka kwa soko tu walikiweka chini. Waliokipenda waliendelea, na kwa mikono yao ujuzi haukupotea. Hilo si neno la kuwalaumu wenye kuuza, maana njaa haingoji. Ni onyo kwamba ujuzi ulioegemea soko peke yake huanguka soko linapoanguka.

Basi mfumaji afanyeje? Na agawe kazi yake mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vidogo vimalizikavyo upesi, kama kofia za watoto au mifuko, ambavyo bei yake yaweza kulipa saa zake. Hivyo na auze bila haya, na asipunguze bei kwa sababu ya udugu. Fungu la pili ni kazi kubwa za subira: blanketi la mjukuu, kitambaa cha arusi, mfarishi wa viraka vya nguo za marehemu mama yake. Hizo na azitoe kama zawadi au azikalishe nyumbani, wala asizitie bei, kwa sababu bei yoyote itakayotajwa itamfanya aone amedhulumiwa. Na rafiki asemaye, "Nifumie na mimi tu," na aalikwe Jumamosi ijayo, apewe sindano na uzi, afundishwe. Akikubali, kikundi kimeongezeka. Akikataa, atakuwa ameifahamu thamani ya kile alichokiomba bure.

MASWALI KWA VIKUNDI

1. Kila mwanachama na afume kipande cha vitanzi 30 kwa uzi mmoja na sindano za unene mmoja. Je, hesabu ya sentimita 10 yalingana? Kwa nini?

2. Mfumaji amepata vitanzi 20 kwa sentimita 10, naye ataka skafu yenye upana wa sentimita 25. Aanze na vitanzi vingapi?

3. Chukueni kazi moja iliyokwisha. Andikeni saa zake na gharama ya uzi. Je, ni ya fungu la kuuza, au ni ya fungu la zawadi?

4. Ni nani katika mtaa wenu ajuaye kusuka kiondo kwa njia ya zamani, na ni nani amekwisha kumwomba amfundishe?

Swali la nne lisiahirishwe. Uzi wa dukani utapatikana mwaka ujao pia. Mzee ajuaye kusokota juu ya paja huenda asipatikane.